Ngwara ya Malkia

Mwezi uliopita mwenzangu wa mwaka wa tatu na mimi tuliweka ubao wa sataranji mezani, tukaurudia mchezo wa sita wa Fischer na Spassky, uliochezwa Reykjavik mwaka 1972 katika kuwania ubingwa wa dunia. Tulipoanza kuufafanua tulihamia Kifaransa bila kujua. Nilipouliza sababu, mwenzangu alijibu: "Kiswahili hakina maneno ya mambo haya." Napinga jibu hilo, kwani ndilo tunalopewa pia tukitaka kuandika kazi ya mwisho wa masomo kwa Kiswahili.

Tuanze na maneno. Sataranji tulilipata kwa Waarabu, nao kwa Waajemi. Shaha, yaani mfalme wa mchezo, ni neno la Kiajemi, na "échec" ya Wafaransa imetoka humohumo. Kifaransa nacho kiliazima, wala hakikuona haya. "Gambit" asili yake ni neno la Kiitaliano la kumtega mtu mguu aanguke. Kiswahili kina ngwara.

Sasa mchezo. Siku ile wawili hao walikuwa sare, pointi 2.5 kwa 2.5. Fischer, aliyezoea kufungua kwa askari wa mbele ya mfalme, safari hii alisogeza askari wake hadi c4. Baada ya hatua chache ikawa Ngwara ya Malkia: mwenye kete nyeupe humtoa askari huyo chambo, ili mpinzani akimla aachie katikati ya ubao. Spassky hakumla, alijikinga kwa njia ya Tartakower. Katika hatua ya 20 Fischer alisukuma askari e4, Spassky akajibu d4, na tangu hapo askari weusi wa katikati wakakwama, mashambulizi yakamwelekea shaha. Kwenye hatua ya 41 Spassky alikubali kushindwa, kisha akampigia mshindi makofi pamoja na watazamaji.

Msomaji, umeielewa aya hiyo? Basi tulichokosa ni mazoea tu. Fischer aliuacha mlango aliouzoea, tena siku ambayo kosa lingemgharimu sana. Nawaomba walimu wa kitivo chetu waruhusu japo zoezi moja kila muhula liandikwe kwa Kiswahili, na walisahihishe kwa ukali uleule wa Kifaransa. Tukishindwa, tushindwe tukiwa tumecheza.