BARAZA LA MAMA: Klarineti ya Marehemu Inapouzwa Ulaya

Tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Moshi, nayo tumeisoma mara tatu hapa mezani petu. Mume wake alikuwa mwanabendi kwa miaka mingi. Alifariki miaka miwili iliyopita akamwachia watoto watatu, nyumba ambayo haijaezekwa upande mmoja, na klarineti ndani ya mkoba mweusi juu ya kabati. Sasa kijana wake wa pili amepata nafasi ya chuo na ada haitoshi. Rafiki wa marehemu amemtafutia mnunuzi, mwalimu wa muziki aliyestaafu huko Ujerumani, ambaye yuko tayari kutoa dola 1,800 pamoja na usafiri na bima ndani yake.

Mama huyu anauliza maswali mawili. La kwanza: “Ikipotea au ikivunjika njiani, hasara ni ya nani, maana hela nitakuwa nimeshalipia chuo?” La pili: “Nitamwambia nini binti yangu mdogo, ambaye tangu asikie habari hizi hasemi nami?”

Tulimjibu kwa barua, kisha tukapatana naye kwamba majibu yale tuyachapishe, kwa sababu si yeye peke yake. Wako akina mama wenye vinanda, fidla, magitaa na kodiani walizoachiwa na waume, baba zao au wamisionari, na siku ya shida ndivyo vitu vya kwanza kutazamwa.

Kabla ya yote tulimwuliza: je, klarineti hii ilikuwa ya marehemu kweli, au ni mali ya bendi? Wanabendi wengi hupewa vyombo vya kazi, na kuuza chombo cha mwajiri kunaweza kumfikisha mjane polisi. Alitujibu kwamba risiti ipo, mumewe aliinunua kwa fedha zake. Je, ndugu wa marehemu wanajua? Hapo alikaa kimya wiki moja. Baadaye akatuandikia kwamba amemwita shemeji yake mkubwa na mama mkwe, wakakaa, wakaandika karatasi na kuweka sahihi kwamba fedha ni za ada ya kijana. Tulifurahi sana. Karatasi ile ni bima yake ya kwanza, na haikumgharimu kitu ila chai na maandazi.

Sasa tuitazame klarineti yenyewe. Yake imetengenezwa Ufaransa na kampuni ya Buffet Crampon, kwa mti wetu wa mpingo. Wengi hawajui kwamba mti ule ule ambao Wamakonde huchonga vinyago, unaokatwa Lindi, Kilwa na Msumbiji, ndio unaopendwa kuliko mingine yote kwa klarineti na obo za ulimwengu. Basi mti ulitoka kwetu ukaenda Ulaya, ukarudi ukiwa na funguo zilizopakwa fedha, na sasa unakwenda tena. Jambo hili si hadithi tu, linahusu forodha. Tarehe 2 Januari 1997 isitajwe hapa kwa makosa, kama mtu mmoja alivyotuambia. Ni tarehe 2 Januari 2017 ndipo mpingo na jamii yake yote ilipoingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ule unaolinda mimea na wanyama walio hatarini. Kwa karibu miaka mitatu hata klarineti kuukuu ilihitaji kibali kuvuka mpaka kwa biashara. Wanamuziki walilalamika, na tangu tarehe 26 Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa kwa mpingo vimesamehewa. Hata hivyo andika wazi kwenye ankara: “klarineti iliyokamilika, iliyotumika, mti wa Dalbergia melanoxylon”, pamoja na namba ya forodha 9205, ambayo ni ya vyombo vya muziki vya kupuliza. Ofisa asiyeelewa ataelewa.

Lakini mama mwenye chombo cha zamani chenye pembe ya ndovu asijidanganye. Tembo wa Afrika waliwekwa katika orodha ya kwanza ya mkataba huo mwaka 1989, na pembe, hata iwe kipande kidogo kwenye ncha ya upinde wa fidla au juu ya funguo za piano, haisafiri kibiashara bila hati maalumu za mamlaka ya wanyamapori. Usiifunge ukaificha. Itakamatwa, na chombo kizima kitabaki huko.

Tuje kwenye swali la hasara. Tulipomwuliza mama huyu kama atakata bima, alijibu kwamba karani wa usafirishaji amemwambia “mzigo wote uko chini yetu, usiwe na wasiwasi.” Akina mama, maneno hayo sisi tuliwahi kuyasikia. Zamani kidogo tulituma kodiani ya kwaya kwenda Mwanza kwa basi. Ilifika mifuko yake ya upepo imechanika na vipande vya ndani vimeng'oka vinagongana kama njugu kwenye kopo. Tulipodai, tukaambiwa tugeuze risiti tusome nyuma. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, lakini yalisema wazi kwamba mwenye basi halipi zaidi ya kiasi fulani kwa mzigo mmoja, na kiasi hicho hakikutosha hata kununua mikanda ya kodiani. Tena hatukuwa na picha hata moja ya kuonyesha ilikuwaje kabla ya safari. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeinamisha vichwa, na kwaya ilitusema mwaka mzima.

Kwa ndege mambo ni hayo hayo, ila kwa hesabu nyingine. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unasema mwenye ndege akipoteza au kuharibu mzigo hulipa kwa kilo, si kwa thamani. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kikomo ni vipimo 26 kwa kilo, vipimo vile vya fedha vinavyotumiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Klarineti ikishafungwa vizuri kwenye maboksi yake ina kilo 4 hivi. Piga hesabu: vipimo 104, yaani kama dola 140. Klarineti ni ya dola 1,800! Chombo cha muziki ni chepesi na ghali, na mizani haijui wimbo. Wasafirishaji wa vifurushi na posta nao wana vikomo vyao, na wengine huweka masharti ya pekee kwa vitu vya kale na vya muziki. Uliza kabla ya kulipa, na uombe jibu kwa maandishi.

Kwa hiyo kata bima ya mzigo. Katika ofisi za bima utasikia ikiitwa bima ya baharini hata kama mzigo unapanda ndege. Usishangae, ni jina la kale. Hakikisha unayempa fedha ana leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kisha uliza ni masharti gani. Yako madaraja matatu, A, B na C. Daraja C hulipa majanga makubwa tu, kama moto au chombo cha usafiri kupinduka. Klarineti iliyoibwa kutoka ghalani au iliyoangushwa na mpagazi haimo humo. Unalotaka ni A, au lile la ndege linalofanana nalo, ambalo linalipa hatari zote isipokuwa zile zilizotajwa kuwa hazilipwi. Desturi ni kukata bima ya bei ya mauzo na asilimia 10 juu yake. Kwa mama wetu ni dola 1,980. Na hati iseme fedha italipwa kwa nani. Kama mnunuzi ameshalipa, jina lake liwemo, maana hasara itakuwa imemwangukia yeye.

Ndiyo, swali lake lilikuwa hilo. Jibu ni kwamba hasara ni ya yule mliyekubaliana, na kama hamkukubaliana, ni ugomvi. Katika kanuni za biashara za kimataifa za mwaka 2020 kuna namna ya kuuza iitwayo CIP: muuzaji analipa nauli na bima ya daraja A, lakini hatari inahamia kwa mnunuzi pale mzigo unapokabidhiwa kwa msafirishaji wa kwanza. Mnunuzi haumii kwa sababu bima ile ni kwa faida yake. Mama wetu na mwalimu yule waliandika hivyo katika karatasi moja, kila mmoja akatia sahihi na kumtumia mwenzake picha kwa simu. Waliandika pia kwamba kodi ya kuingiza Ujerumani, ambayo peke yake ni asilimia 19, atailipa mnunuzi. Rafiki fulani alimshauri mama aandike bei ya dola 100 ili kumpunguzia mzee kodi. Tulimkataza kabisa. Kwanza ni uongo. Pili, ankara ya dola 100 ikiwekwa mbele ya mwenye bima, atauliza dola 1,980 zilitoka wapi.

Mwenye bima naye ana njia zake za kukataa, na kubwa ni ufungaji mbaya. Halipi mzigo uliofungwa ovyo. Halipi ucheleweshaji. Halipi kasoro iliyo katika asili ya kitu chenyewe, na hapa mpingo una tabia yake: ukitoka kwenye unyevu ukaingia kwenye nyumba kavu za Ulaya zinazopashwa moto wakati wa baridi, unaweza kupasuka, hasa kipande cha juu. Ndiyo maana tulimwambia asitume Desemba. Alingoja hadi Mei, na chuo kilikubali sehemu ya ada kuchelewa baada ya kuonyeshwa mkataba.

Siku ya kufunga alimwita yule rafiki wa marehemu. Kwanza aliipiga, wakarekodi video. Kisha wakapiga picha kila kipande, funguo, mikwaruzo, na namba iliyogongwa kwenye mti. Wakaifuta unyevu ndani, wakaivunja vipande vyake, wakavilaza kwenye mkoba kila kimoja mahali pake. Kopo la mafuta ya kizibo, bisibisi ndogo na kasha la matete vilitolewa, kwa kuwa kitu kigumu kikilegea ndani ya mkoba hupinda funguo. Mkoba ukaingia kwenye boksi lenye nafasi ya vidole vinne kila upande, nafasi ikajazwa sponji la godoro kuukuu. Magazeti hayafai peke yake, hubonyea yakaacha uwazi. Boksi hilo likaingia ndani ya boksi la pili, tena kwa sponji. Wakalitikisa. Kimya. Karatasi yenye anwani zote mbili iliwekwa ndani pia, kwa ajili ya siku ambayo ya nje itabanduka. Wakalipeleka Jumatatu, ili lisilale ghalani mwisho wa juma.

Fedha zilikuwa zimeingia benki siku nne kabla, na mama alikwenda mwenyewe dirishani kuhakikisha, hakuridhika na picha ya risiti. Mnunuzi akikuletea hundi yenye kiasi kikubwa kuliko bei, akakuomba umtumie “msafirishaji wake” kinachozidi, huyo ni tapeli. Hundi itarudi baada ya majuma, na klarineti na chenji vitakuwa vimekwenda.

Mzee naye alipewa maelekezo. Alitazama boksi kabla ya kutia sahihi; lingekuwa limebonyea angeandika hivyo kwenye karatasi ya dereva. Alipiga picha, akatunza maboksi, akauacha mkoba umefungwa siku moja chumbani upate kuzoea hewa. Dai la uharibifu wa mzigo wa ndege hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea, na wasafirishaji wengine wana siku chache zaidi ya hapo. Haikuhitajika. Tulitumiwa habari kwamba pedi moja tu ilikuwa imelegea.

Tulikuwa hatujajibu juu ya binti. Kwa kweli hatukuwa na jibu. Jibu lilitoka kwa yule mzee wa Ujerumani, bila kujua. Katika kuulizana maswali aliandika kwamba mdomo wa klarineti haumhitaji, kwa sababu wapigaji wengi hutumia mdomo wao waliouzoea, na kwamba bei haitabadilika. Mama akauandika katika mkataba kuwa haumo, na kwenye orodha ya bima pia haumo. Siku ya kufunga mzigo alimwita binti, akampa mdomo ule, wenye alama za meno ya baba yake juu. Anasema mtoto aliushika muda mrefu, kisha akaenda jikoni kuuliza kama maji ya ugali yamechemka.