SAINI YAKO NI USHAHIDI, NA ALIYEIKUSANYA ANA AMANA



Ndugu zangu katika imani, darasa la leo ni chungu kidogo. Naliandika hapa Masieda baada ya swala ya Isha, na wa kwanza kukemewa ndani yake ni mimi mwenyewe.

Mwaka juzi vijana wetu walifungua ombi mtandaoni kuhusu korongo ambalo watoto wanalivuka kwenda shule. Mvua zikikolea, watoto wanabaki nyumbani. Mimi nikaliposti hapa, nikawaambia: tieni saini, muwatumie na wengine. Mlitia. Tukachapisha majina yenu, tukayapeleka ofisini, tukapiga picha mlangoni. Halafu nikanyamaza.

Wiki iliyopita dada yetu mmoja aliyeko Muscat akaniandikia: "Shekhe, wale watoto siku hizi wanavuka salama?"

Wallahi nilibaki nimeshika simu, sina jibu. Korongo liko vile vile. Yeye aliye ng'ambo ya bahari anawakumbuka watoto wa hapa. Mimi ninayewaona kila siku nilishawasahau.

Huu ndio ugonjwa wetu. Tunajua kukusanya majina. Kurudi kwa wenye majina hatujui. Idadi ikifika elfu moja tunapiga takbira, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Ndugu yangu, hiyo ni dhulma. Mtu amekupa jina lake ulitumie kudai haki, umeliacha kabatini linaliwa na mchwa.

Mtaniambia, "Shekhe, hayo ni mambo ya wanaharakati, si ya dini." Si ya dini? Hamjasoma sira?

Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alifika Makka na bidhaa zake. Aas bin Waail akazichukua, akakataa kumlipa. Mtu yule ni mgeni, hana ukoo pale wa kumtetea. Akapanda mlima Abu Qubays, akapaza sauti Maquraishi wakiwa wamekaa pembeni ya Kaaba. Lile ndilo lilikuwa ombi lake la hadharani, hakuwa na simu wala bando. Watu wema wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'aan wakaapa kiapo cha Hilful Fudhuul: tutakuwa pamoja na aliyedhulumiwa mpaka haki yake irudi. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwepo akiwa kijana, na baada ya kupewa utume alisema kwamba lau angeitwa kwenye kiapo kama kile katika Uislamu, angeitikia.

Sasa angalieni. Hawakuishia kuhesabiana tupo wangapi. Walikwenda mpaka kwa Aas, mali ikatoka, akakabidhiwa mwenyewe. Kiapo kilikuwa "mpaka haki irudi". Hakikuwa "mpaka tumepeleka karatasi".

Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni na maandishi. Humo Allah Subhaanahu wa Ta'ala anatufundisha kwamba shahidi akiitwa asigome, na kwamba tusichoke kuandika, jambo liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Saini yako ni ushahidi. Unasema: mimi fulani nashuhudia kwamba hawa wamedhulumiwa. Basi shahidi ana haki ya kujua kesi imefika wapi, na asiyempasha habari atamwitaje tena siku ya hukumu?

Mnataka mfano wa nyumba kuachwa usiku haujaisha? Tazameni Loliondo, kaskazini yetu. Mwaka 2012 lilianzishwa ombi la mtandaoni kupinga Wamasai kuondolewa kwenye ardhi yao. Saini zikapita milioni mbili, kutoka dunia nzima. Novemba 2014 Rais Kikwete akaandika Twitter kwamba serikali haina mpango wa kuwahamisha. Watu wakashangilia. Wengi wakaona yamekwisha.

Agosti 2017 maboma yakachomwa moto. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika Mashariki, hapo Arusha, ikatoa zuio la muda. Juni 2022 vigingi vikachimbiwa, vurugu zikatokea, watu wakakimbilia Kenya, na kilomita za mraba 1,500 zikawa Pori Tengefu la Pololeti. Septemba 2022 mahakama ile ikaitupa kesi. Novemba 2023 rufaa ikaamua isikilizwe upya. Nauliza kwa haki kabisa: katika wale milioni mbili, ni wangapi walizijua tarehe hizi? Wewe uliyetia saini ulizijua? Ulimuuliza mtu?

Na hata kabla ya intaneti tulikwishafundishwa somo hili hapa Hanang. Wanakijiji wa Mulbadaw waliishitaki NAFCO kwa ardhi iliyoingizwa kwenye mashamba ya ngano. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, na miongoni mwa hoja ni kwamba hawakuthibitisha mahakamani kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya kisheria. Barabaig kwao ni Hanang, kila mtu anajua! Lakini haki bila ushahidi unaofuatwa mpaka mwisho hupotea mchana kweupe.

Sasa tazameni jirani zetu wa Yaeda Chini. Mwaka 2007 bonde lao liligawiwa kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu. Wahadzabe wakakataa, wakaungwa mkono na watu wa mbali, kampuni ikaondoka. Hawakulala. Kazi iliendelea mpaka 2011 walipopata hati ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000. Makelele ya 2007 yalimwondoa mwindaji, na subira ya miaka minne ikaleta karatasi.

Hapa kuna ndugu watakaoninong'oneza: "Shekhe, hao wawindaji wa Yaeda na wa Loliondo ni Waislamu wenzetu, yanyamazie." Astaghfirullah! Suratun Nisaa imetuamuru kusimamia uadilifu hata ukitugeukia sisi wenyewe na wazazi wetu. Aas bin Waail alikuwa Quraishi, na waliomwendea walikuwa Maquraishi wenzake. Uislamu wa mtu haumpi ruhusa ya ardhi ya Mhadzabe.

Basi wewe unayeongoza ombi lolote, la korongo, la zahanati au la ardhi, shika haya:

1. Waambie waliosaini siku mliyowasilisha, ofisi gani, na nani alipokea. Dai nakala yenye muhuri.

2. Weka siku maalumu ya kutoa taarifa. Hata kama hakuna jipya, sema "hatujajibiwa". Kimya kikizidi, watu hudhani umekula.

3. Habari mbaya usiifiche. Unasema watakata tamaa? Kinachowakatisha tamaa ni kugundua baada ya miaka miwili kwamba uliwaficha.

4. Usitume uvumi. Thibitisha kwanza, ndipo uandike.

5. Kila taarifa iwe na kazi moja ya kufanya: kupiga simu ofisini, kuhudhuria mkutano wa kijiji, kuomba dua. Watu hawachoshwi na habari. Wanachoshwa na porojo na kuombwa michango kila wiki.

6. Namba zao ni amana. Walikupa kwa ajili ya korongo, usizipeleke kwenye grupu la kuuza simu.

7. Asiye na simu janja msomee msikitini baada ya Ijumaa, mwambie mnadani. Mwenye korongo ndiye wa kwanza kujua.

8. Likiisha, tangaza limeisha. Likishindikana, sema limeshindikana na kwa nini.

Na wewe uliyesaini, usijifanye umemaliza. Uliza. Dada wa Muscat ameuliza swali moja tu, na limeniamsha.

Naanza na mimi. Majina yenu tuliyakabidhi bila kudai muhuri. Hilo ni kosa langu, nisameheni. Jumatatu mimi na vijana wawili tunarudi pale ofisini kuuliza ombi limefikia wapi. Ijumaa nitaandika hapa majibu tuliyopewa, yawe matamu au machungu. Nisipoandika, nikumbusheni hadharani, wala sitakasirika.

Ewe Mola, usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaobeba amana kisha wakaisahau. Wavushe watoto hawa salama. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako aliyesaini. Ana haki ya kujua.