Rangi Tatu Ziko Mbagala, Kwenye PC Tafuta GPU!

Kuna staa mmoja wa mitandaoni hapa Dar, jina kapuni, anazipamba "gaming PC" za Kariakoo kwenye Insta yake kama vile zimeshuka kutoka mbinguni. Kioo pembeni, feni sita zinazunguka, taa nyekundu, kijani na bluu, halafu maneno matatu ya kumaliza kazi: "Core i7, RAM 16, graphics 4GB." Bei? Njoo inboksi. Komenti zinajaa moto tupu. Na huko Mbagala Rangi Tatu, Tandale na Mwananyamala, madogo washaanza kupiga hesabu ya kikoba cha mama.

Sasa yale maneno matatu yafunguliwe, maana ndimo watu wanamopigwa.

Core i7 ni jina la ukoo, halisemi umri. Kuna i7-2600 ya mwaka 2011 na kuna i7 za juzi, zote zinaitwa i7. Hiyo ya 2011 ikiwekwa kwenye gemu na i3-12100 ya mwaka 2022, inachapwa na mdogo wake bila huruma. Staa akisema "i7" akaishia hapo, ni sawa na dalali wa Sinza kusema "nyumba ina vyumba vitatu" bila kutaja kama ina paa.

"Graphics 4GB" ndo kichekesho zaidi. GT 730 iliyotoka 2014 ipo ya 4GB, na GTX 1050 Ti iliyotoka 2016 nayo ni 4GB. Ya kwanza ni ya kuangalizia muvi na kufanyia kazi za ofisi, ya pili inacheza gemu kweli. Namba moja, mashine mbili tofauti kabisa. Mbaya zaidi, kuna GPU za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Ukiangalia Windows, utaona jina zuri. Ukifungua GTA V, utaona picha za slaidi.

Na ndani ya lile keisi la kioo mara nyingi kuna nini? Kompyuta ya ofisi iliyotumika nje ya nchi: matumbo ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk, yamevalishwa nguo ya sherehe. Mashine hizo si mbovu, kwa kazi zake ni ngumu kama jiwe, na kijana mwenye hela ndogo anaweza kuanza nayo bila aibu. Lakini ziuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Nyingi zina pawa saplai ndogo isiyo na waya wa kulisha GPU kubwa, kwa hiyo ile ndoto ya "nitaboresha baadaye" inafia kwenye waya. Tena karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 14, 2025. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0. Dogo kanunua leo, kesho gemu lenyewe linamfungia mlango.

Hapa ndo utani unaisha. Hela ya PC kwa kijana wa Temeke haitoki kwenye posho ya baba. Inatoka kwenye bodaboda ya mwaka mzima, kwenye mchezo wa mtaani, au kwenye kausha damu inayodai marejesho kila siku. Wengi hawanunui kwa starehe tu, wanataka kuediti video za wasanii wa mtaani, kustrimu, kufungua kibanda cha gemu. Mashine ikifeli, deni halifeli. Staa kashalipwa, winga kashakula chake, anayebaki kugongewa mlango na mdai ni dogo.

Kuna na kambi ya pili, wajuaji wa "jenga mwenyewe, za kuunganishwa ni za mafala". Nao wapunguze. Kuagiza vipande nje maana yake mzigo kusubiriwa, kodi kulipwa, na madabodi ikifika imekufa, hakuna wa kumfuata. Tena RAM imepanda bei dunia nzima tangu mwisho wa 2025, makampuni ya AI yanazibeba zote. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika bisibisi, PC iliyounganishwa tayari ni uamuzi wa akili kabisa, kwa sababu lawama zote zinakuwa na anuani moja: fremu aliyonunulia.

Ila anuani hiyo iwepo kweli. Muuzaji anayejiamini anaandika kila kipande kwa jina kamili: prosesa namba ngapi, GPU gani, pawa saplai wati ngapi. Anafungua GPU-Z mbele ya mteja, programu ya bure ambayo ikikuta kadi ya kuchakachua inaandika FAKE. Anaacha gemu lichezwe nusu saa pale pale dukani, joto lionekane. Anatoa risiti ya EFD na waranti ya maandishi. Na anamkumbusha mteja abakize hela ya UPS, kwa sababu kompyuta ya mezani haina betri na TANESCO haisubiri mechi iishe. Akikataa hata kimoja kati ya hivyo vinne vya kwanza, huyo anauza mbuzi kwenye gunia lenye taa.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji, na FCC ipo kwa kazi hiyo. Lakini kabla ya FCC, yupo staa. Kuandika "hili ni tangazo" na kutaja jina kamili la GPU ni mistari miwili tu. Kama anajua kupanga taa kwa ajili ya picha, hashindwi kusoma stika ya kadi.

Wadau, posti inayofuata ya staa ikitua, acheni kumwaga emoji za moto. Muulizeni swali moja tu: GPU gani?