UKWELI HAUTAFUTWI USINGIZINI

Kazi ya askari, awe wa Jeshi au wa Polisi, husimama juu ya habari ya kweli. Hapa Rusizi, ambako mto tu ndio unaotutenga na Bukavu, na ambako Bugarama iko karibu na Burundi na Kongo pia, askari aghalabu ndiye anayefika wa kwanza penye tukio, na ndiye anayelisikia neno la kwanza la shahidi. Mara nyingi shahidi huyo hutetemeka, husahau, au huchanganya mambo. Ndipo huzuka shauri lenye kuvutia: kwamba ipo njia ya kuifungua akili yake na kuyatoa yote aliyoyaona. Njia hiyo ni hipnosi, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka aingie katika hali iliyo kama usingizi, ambamo fikira zake huifuata sauti ya anayemwongoza.

Jambo hili si geni. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliunda tume, ambayo Benjamin Franklin alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ichunguze uponyaji uliotangulia hipnosi, uliokuwa umeenezwa mjini Paris na daktari Franz Mesmer. Tume iliona kwamba nguvu iliyowatikisa wagonjwa ilitoka katika fikira zao wenyewe. Katika miaka ya 1840 James Braid, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Manchester, ndiye aliyelieneza jina linalotumika hadi leo. Katika tiba hipnosi imekuwa na manufaa yake, hasa kupunguza maumivu. Matatizo yalianza ilipoingizwa katika vituo vya polisi.

Watetezi wake hulitaja tukio la Chowchilla, California. Julai 1976 watu 3 wenye silaha waliteka basi lenye watoto 26 wa shule na dereva wao, wakawafukia wakiwa hai ndani ya bodi ya lori katika machimbo ya mawe. Mateka walijiokoa wenyewe. Baadaye dereva, akiwa katika hipnosi, aliitaja namba ya gari la watekaji akakosea tarakimu 1 tu. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini askari mwenye kufikiri atauliza: kwa nini kumbukumbu ile ilifaa? Ilifaa kwa sababu namba za magari zina daftari lake, na wapelelezi waliweza kulifungua na kulinganisha. Sura iliyoonekana gizani haina daftari. Shahidi akisema usingizini kwamba aliyemwona ni jirani yake fulani, ni nani atakayehakikisha?

Kumbukumbu ya binadamu haikai akilini kama risasi ghalani, ikingoja kuhesabiwa. Kila tunapoikumbuka tunaijenga upya, na maneno ya anayetuuliza huingia katika ujenzi huo. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, wataalamu wa Marekani, waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari. Baadhi yao waliulizwa mwendo wa magari "yalipogongana", na wengine mwendo wake "yalipopondana". Baada ya wiki 1 waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la kwanza watu 7 kati ya 50 walisema ndiyo. Katika kundi la pili, 16 kati ya 50. Katika filamu ile hapakuwa na kioo kilichovunjika. Ikiwa neno moja laweza kumfanya mtu aliye macho akumbuke kisichokuwapo, je, huyu aliyelegezwa akili makusudi ili aitii sauti ya mwingine?

Chama cha Madaktari cha Marekani kilionya mwaka 1985 kwamba hipnosi haiifanyi kumbukumbu iwe ya kuaminika zaidi, na kwamba shahidi huweza kutoka humo akiwa na uhakika mkubwa juu ya jambo la uongo. Shahidi wa namna hiyo ni wa hatari kuliko mwongo. Mwongo akibanwa kwa maswali hutapatapa. Huyu hasemi uongo, anaamini, na hakuna swali litakalomtikisa. Kwa sababu kama hizo Mahakama ya Juu ya California iliufungia mlango ushahidi huo mwaka 1982, na ile ya Canada ikafanya vivyo hivyo mwaka 2007. Hata Texas, ambako polisi waliitumia hipnosi kwa miaka mingi, ilipitisha sheria ya kuuzuia mwaka 2023.

Wakazi wa Rusizi wanaujua uzito wa ushahidi. Katika kesi ya Cyangugu, iliyosikilizwa Arusha na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda kuanzia mwaka 2000, mashahidi waliulizwa juu ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, miaka 6 na zaidi baada ya kutendeka. Hukumu ilitolewa tarehe 25 Februari 2004. Luteni aliyeongoza kambi ya Karambo alitiwa hatiani. Waziri na mkuu wa mkoa wa wakati ule waliachiwa, na manusura wengi wakaumia mioyo. Majaji walipima maneno ya shahidi mmoja mmoja, na waliilaumu hati ya mashtaka kwa kukosa uwazi. Somo kwetu ni hili: maelezo yakichukuliwa vibaya mwanzoni, anayedhurika ni yule aliyesema kweli.

Sheria ya ushahidi ya Rwanda ya mwaka 2004 ilikataza kumtesa mtu au kumwosha ubongo ili akiri au atoe ushahidi. Katiba nayo humlinda kila mtu katika mwili na katika akili. Kwa hiyo askari asikimbilie mlalisha akili, kama asivyopaswa kukimbilia mpiga ramli. Wote wawili humpa muulizaji jina alilotamani kulisikia.

Njia iliyo bora haina miujiza. Mashahidi watengwe mapema, wasije wakaazimana maneno. Shahidi aulizwe, "Uliona nini?" wala asiulizwe, "Hukumwona fulani?" Aachwe aseme bila kukatizwa, na yaandikwe maneno yake mwenyewe, pamoja na pale aliposema, "Sijui." Asionyeshwe mtuhumiwa akiwa peke yake katika pingu. Kisha maneno yake yapimwe kwa alama za vidole, damu na nyaraka, kazi ambayo maabara ya uchunguzi wa jinai mjini Kigali inaweza kuisaidia.

Askari anayemwekea shahidi maneno kinywani huwafunga watu wawili: asiye na kosa humfunga gerezani, na shahidi humfunga katika uongo asioujua. Mkosaji wa kweli hubaki huru, akivuka mto apendavyo.