Picha ya baba na mfuko wa ukurasani

Mkasi ulikuwa tayari mkononi. Mezani zilitandazwa picha za ndoa ambayo sasa haipo, na mama mwenye nyumba alitaka kumtengenezea bintiye wa miaka tisa albamu mpya isiyo na sura ya baba. Ya kwanza ilikuwa ya arobaini ya mtoto. Ingekatwa katikati: mama abaki, baba aende jalalani. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, hakuinua hata kichwa.

"Ukimkata, mwanangu, mkono wake utabaki hapo umembeba mtoto. Akija kuuliza ni mkono wa nani, utamjibu nini?"

Picha zilizokatwa zimo katika kabati za nyumba nyingi. Mtoto anayezikuta huelewa jambo moja tu: kuna mtu ambaye hapa hatajwi. Na kama pua yake inafanana na ya mtu huyo, hubaki akijiuliza na yeye yuko upande gani. Hata hivyo, mama naye ana haki ya kufungua albamu ya nyumbani kwake bila kuchomwa moyo kila ukurasa. Picha si lazima ionekane wakati wote. Inatosha iwepo, na anayeitaka aifikie bila kuomba ruhusa.

Kazi hii ndiyo hasa inayofaa mfuko wa karatasi. Picha ya kawaida ina sentimita 15 kwa 10. Kwa picha hiyo hukatwa manila yenye upana wa sentimita 18 na kimo cha 9. Kushoto, kulia na chini huachwa ukingo wa sentimita moja wa kukunjwa kwa nyuma. Pembe mbili za chini hukatwa ili mikunjo isipandane. Gundi hupakwa kwenye kingo hizo tatu tu, kisha mfuko hubandikwa ukurasani. Juu hukatwa nusu duara ndogo ya kupitisha kidole gumba. Picha huingia na kutoka, na kwa kuwa haikubandikwa, mgongo wake bado unasomeka: tarehe, mahali, muhuri wa studio, maneno ya aliyeituma.

Anayetaka kuificha zaidi huweka mlango juu ya mfuko, yaani kipande cha manila kilichoshikizwa upande mmoja tu, nacho hufunguliwa kama dirisha. Mlango huo huchanika mapema ukikunjwa ovyo. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi zake: ikipindwa polepole kwa urefu, kisha kwa upana, upande mmoja hukubali na mwingine hukaidi. Mkunjo uwekwe upande unaokubali. Kwanza upigwe mstari kwa rula na kalamu ya biki iliyokwisha wino, ndipo ukunjwe.

Watoto hupenda zaidi ulimi wa kuvuta. Ni kipande chenye umbo la herufi T: mguu wake, wenye upana wa sentimita nne, hutokeza nje kupitia mpasuko ulio mpana kidogo kuliko mguu wenyewe, na kichwa chake cha sentimita saba hubaki ndani kikizuia kisichomoke. Juu ya kipande hicho huandikwa yale ambayo picha haisemi. Mjerumani Lothar Meggendorfer aliwafurahisha watoto wa karne ya 19 kwa vitabu ambamo ulimi mmoja wa karatasi uliendesha mkono, kichwa na jicho kwa pamoja. Nyumbani hakuna haja ya kufika huko. Ulimi mmoja, sentensi mbili, basi.

Gundi ndiyo iliyoharibu albamu nyingi. Zile za zamani zenye kurasa za kunata zilizofunikwa kwa nailoni zilipendwa sana, lakini gundi yake hugeuka manjano na kuzing'ang'ania picha. Asiyetaka kuzichana huzipiga picha kwanza kwa simu, zikiwa palepale, kisha hupitisha uzi wa kusafishia meno taratibu kati ya picha na ukurasa. Inayokataa iachwe. Selotepu isiguse picha kamwe. Gundi ya uji wa ngano ni rahisi, ila huwaita mende. Gundi nyeupe iliyosambazwa nyembamba kwa kipande cha kadi inafaa, na ukurasa hulazwa chini ya vitabu vizito usiku mzima usije ukajikunja.

Mifuko ikizidi, albamu hunenepa na kuachama kama mdomo. Dawa yake ni kuweka vipande vyembamba vya manila upande wa mgongo, kati ya ukurasa na ukurasa, kabla ya kushona.

Albamu ya binti ilimalizika kwa jioni tatu. Picha ya arobaini iliwekwa nzima kwenye mfuko wa ukurasa wa nne, chini ya mlango wa manila ya bluu. Mama alisema yeye hataufungua, na hakuna aliyembishia. Kwenye ulimi wa kuvuta aliandika jina la mtaa walikokuwa wakiishi na kwamba siku hiyo ilinyesha mvua.

Binti aliufungua mlango, akatazama, akaufunga. Akauvuta ulimi, akasoma habari ya mvua, akaurudisha. Mara ya tatu aliitoa picha yenyewe na kuigeuza. Nyuma kulikuwa na tarehe na jina lake lote, kwa mwandiko wa baba.

"Bibi, hii 'h' yake," akasema, "ameiandika kama yangu."