Barua ya wazi kwa mhandisi anayepokea barabara za Dar es Salaam

Ndugu Mhandisi,

Nimeamua kukuandikia wewe, si waziri wala mkuu wa mkoa, kwa kuwa utepe hukatwa na wakubwa lakini barabara hupokelewa na mhandisi. Wewe ndiye unayeikagua pamoja na mkandarasi, na ndiye unayetia saini kwamba imejengwa kama ilivyochorwa. Saini ya mwisho ikishawekwa, kasoro yoyote iliyosalia inakuwa yetu sisi tunaopita.

Naishi Tabata na nafanya kazi Kariakoo. Asubuhi nashuka hadi Barabara ya Mandela, naelekea Buguruni, nashika Uhuru, napita Ilala Boma na Karume. Nikipanda daladala sijui nitafika saa ngapi. Nikipanda baiskeli saa naijua, ila sina hakika ya kufika salama, na mke wangu naye hana hakika hiyo mpaka nimpigie simu.

Nianze na Mandela, maana huko ndiko kwenye mauti. Ni njia ya malori yanayotoka bandarini kwenda bara, mengine yanavuka hadi Zambia na Kongo. Dereva wa semitrela amekaa juu, upande wa kulia. Mwendesha baiskeli yuko chini, kushoto, sambamba na magurudumu, mahali ambapo vioo vya dereva havimwoni vizuri. Lori linapokata kushoto, kichwa hupita kwa nje lakini tela hufuata kwa ndani na kuila kona. Anayelijua hilo husubiri nyuma. Asiyelijua, hasa kijana aliyetoka mkoani juzi akapewa baiskeli ya tajiri asambaze mikate, huuona upenyo kati ya lori na ukingo akajipenyeza. Upenyo ule hujifunga taratibu, na dereva hana habari.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba dawa ya hapo ni elimu kwa waendesha baiskeli. Elimu itolewe, naiunga mkono. Lakini kona huchorwa ofisini. Ikichorwa kwa mviringo mpana, lori hukata bila kupunguza mwendo. Mviringo ukibanwa, kikajengwa kisiwa kidogo cha zege cha kumkinga wa baiskeli, na mstari wake wa kusimamia kwenye taa ukasogezwa mbele ya ule wa magari, dereva atamwona kwa kioo cha mbele, kwa macho yake mwenyewe. Hayo ni mambo ya rangi na zege. Hayahitaji mkopo.

Daladala ni habari nyingine, na sina chuki na madereva wake. Dereva anatafuta hesabu ya tajiri, kondakta amening'inia mlangoni anaita abiria, na kituo chenyewe kimepangwa palepale baiskeli inapopita. Dereva anakupita kwa kasi, mita chache mbele anakukatia kushoto na kusimama. Hapo una nafasi ya pumzi moja kuchagua: ufunge breki huku bodaboda iko nyuma yako, au uingie kulia kwenye mkondo wa magari usiouona. Ukichagua kupita kushoto, mlango unafunguka na mama mwenye mtoto mgongoni anakanyaga chini mbele ya tairi lako. Kila mtu katika tukio hilo anafanya kazi yake au anakwenda zake. Kosa limo kwenye mpangilio. Njia ya baiskeli ikipitishwa nyuma ya kituo, kati ya kibanda cha abiria na maduka, ugomvi huo wa kila siku unakwisha.

Kisha kuna ukingo wa lami, ambao sidhani kama mtu aliye ndani ya gari huwa anauona. Lami mpya ikimwagwa juu ya kuukuu bila bega la barabara kuinuliwa, pembeni inabaki ngazi ya kina cha kiganja. Gari likikusukuma ukashuka ngazi hiyo, kupanda tena ni kazi, kwa sababu tairi jembamba huikwaruza kwa ubavu na usukani unakataa kukufuata. Pembeni hapohapo kuna mchanga, vipande vya chupa, na mitaro ambayo mifuniko yake ya chuma imeibwa ikauzwa chakavu. Iliyobaki, mingine imewekwa nondo zake zikielekea kule tairi linakoelekea, kiasi kwamba tairi huzama katikati yake. Kuigeuza mifuniko hiyo nondo zikate njia kwa upana ni kazi ya mafundi wawili na mtaimbo.

Fundi wangu wa baiskeli anazijua barabara za Ilala kuliko ramani, na anazijua kwa kutazama ringi tu. Ringi la mbele likibonyea sehemu moja, anasema ni shimo. Likipinda ubavu mzima, ni ukingo wa lami. Spoku zikikatika upande mmoja wa gurudumu la nyuma, huyo alibeba mzigo mzito akashuka mahali palipostahili kuwa na mteremko na hapana. Wakati wa masika kazi humzidi, kwa sababu maji hufunika mashimo na kila mtu huendesha kwa kubahatisha. Ningependa siku moja ofisi yako imtume mtu akae naye kutwa nzima na daftari. Ataondoka na orodha ya matengenezo ambayo gari la ukaguzi haliwezi kuiona.

Huenda ukasema baiskeli ni chache kuliko magari. Toka saa kumi na moja alfajiri usimame Uhuru uhesabu. Utawaona wa samaki wanaotoka soko la Feri na matenga nyuma, wa mikate, wa madumu ya maji, walinzi wanaorudi kutoka lindo, vibarua wa viwandani Vingunguti. Mji unakunywa chai kwa mkate ambao mara nyingi umefika dukani juu ya keria. Wengi wao hawaendeshi kwa mazoezi ya mwili. Nauli ya kwenda na kurudi ni sehemu ya mlo wa nyumbani. Na katika umati huo wote wanawake ni wachache mno. Sikubali kwamba hawataki. Binti anayejifunza baiskeli uani kwao Tabata huiacha siku anapotakiwa kuiingiza barabarani. Anaogopa malori kama mimi, na juu ya hofu hiyo anavumilia maneno ya vijiwe vizima. Maneno yale hayamo kwenye uwezo wako, Ndugu Mhandisi. Malori yamo.

Nisiwe mchoyo wa shukrani. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, Barabara ya Morogoro ilipata kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tumekiona mjini: njia ya waenda kwa miguu na baiskeli pembeni ya barabara kuu, imejengwa na kunyanyuliwa, si rangi tu. Jiji letu lilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018 kwa kazi hiyo, na nilijivunia. Watu waliochora njia ile waliwafikiria binadamu wasio na injini.

Lakini iendeshe. Katikati ya vituo inakwenda vizuri, halafu inafika makutano na kukuacha. Inaishia kwenye ukingo mrefu wa zege, au kwenye nguzo, au mbele ya maegesho, nawe unashuka na kuinyanyua baiskeli. Mwenye mkoba mgongoni hunyanyua. Mwenye tenga la samaki au kreti nne za mikate hawezi, kwa hiyo ataiacha njia yote, hata ile sehemu nzuri, ashuke barabarani tangu mwanzo. Halafu tunasikia kwamba waendesha baiskeli hawaitumii njia waliyojengewa. Bodaboda huiona tupu wakaingia, kwa kuwa pikipiki ina nguvu ya kuruka ukingo ambao baiskeli haiwezi. Mfanyabiashara mdogo naye huiona tupu akatandika bidhaa. Siwalaumu machinga kwa kukaa mahali ambapo hapana anayepita. Njia ya baiskeli inapimwa pale inapokatika, na urefu wake unaoandikwa kwenye taarifa haumsaidii mtu ambaye makutano yamemshinda.

Mji wa Sevilla, kusini mwa Hispania, ulilielewa jambo hilo. Kuanzia mwaka 2006 walijenga kwa muda mfupi karibu kilomita 80 za njia za baiskeli, na jambo walilolishikilia ni kwamba vipande vyote viungane, mtu aweze kutoka mtaa mmoja hadi mwingine bila kutupwa kati ya magari. Safari za baiskeli zikaongezeka mara kadhaa ndani ya miaka michache. Kule joto la kiangazi huvuka nyuzi 40, kwa hiyo hoja ya jua letu isitumike dhidi yetu.

Liko pia jibu la upande wa pili, nami naliogopa. Machi 2022 serikali ya Burundi ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katika sehemu kubwa ya Bujumbura, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni ajali. Kumwondoa anayegongwa kunapunguza takwimu za kugongwa. Pia kunamnyima mkate yeye na anayemletea. Nakuandikia mapema ili mtu asije akaliona hilo kuwa rahisi hapa kwetu.

Kuhusu mwendo nitasema machache. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa penye makazi. Gari linalokwenda 50 linagonga kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya lile la 30. Hiyo ni hesabu ya fizikia ya sekondari, nawe unaijua kuliko mimi. Azimio la Stockholm la Februari 2020 kuhusu usalama barabarani liliomba kilomita 30 mahali magari yanapochanganyika na waenda kwa miguu na baiskeli. Dar es Salaam tayari ina ushahidi wake wa nyumbani: mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, wa matuta, vivuko na njia za miguu karibu na shule za msingi, ulishinda tuzo ya miji ya taasisi ya WRI mwaka 2019. Vifaa vyake ni vya bei ndogo. Kilichohitajika zaidi ni mtu wa kupita mguu kwa mguu na watoto, aone wanavukia wapi.

Nami naomba jambo la namna hiyohiyo. Mwendokasi wa Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta, na daraja jipya la Jangwani, ni kazi ambazo michoro na makabidhiano yake hupita kwenye meza za watu kama wewe. Kabla ya kusaini kupokea barabara yoyote ya jiji hili, mtumishi wa ofisi yako aiendeshe kwa baiskeli mwanzo hadi mwisho, akiwa na kilo 50 nyuma. Aiendeshe mara mbili: asubuhi malori yakiwepo, na tena baada ya saa moja usiku, kwa kuwa hapa kwetu jua limeshazama saa hiyo mwaka mzima na wengi ndipo wanaporudi nyumbani. Kila mahali atakaposhuka, aandike. Kila mahali atakapolazimika kuingia kwenye mkondo wa magari, aandike. Orodha hiyo iwe sehemu ya hati ya makabidhiano kama zilivyo hesabu za unene wa lami.

Na aiendeshe tena kabla kipindi cha matazamio hakijaisha, wakati sehemu ya malipo ya mkandarasi bado imeshikiliwa na kasoro bado ni za kurekebishwa kwa gharama yake. Mwaka wa kwanza ndipo mifuniko inapoibwa, kingo zinapomomonyoka, na maji ya masika yanapoonyesha yanakotaka kupita. Ukipita muda huo, kila mteremko wa zege utahitaji bajeti mpya, na bajeti ya mteremko wa baiskeli huwa haifiki.

Akikosekana mtumishi anayeweza kuendesha na mzigo huo, Buguruni wapo wengi watakaokubali kumfundisha, nami nitakuwa miongoni mwao. Baiskeli yenye keria imara ipo, na mzigo tutaupata sokoni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwendesha baiskeli, Tabata