Olbalbal: Takwimu za mifugo zaweza kupatikana bila siri ya boma kufichuka

Mvutano wa Ngorongoro ni mvutano wa takwimu pia. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959 ilikuwa na wakazi wapatao 8,000. Serikali ilipoanza kuwahamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni, Juni 2022, katika mpango ilioueleza kuwa wa hiari, ilisema idadi hiyo imepita 100,000 na mifugo imezidi uwezo wa ardhi.

Katika hali hiyo, kwa mfugaji wa Kata ya Olbalbal idadi ya ng'ombe wake yaweza kugeuka hoja ya kumwondoa. Je, jumla yaweza kujulikana bila kufichua ya kila boma?

Hisabati inajibu kuwa inawezekana. Mwenye ng'ombe 40 huigawa namba hiyo vipande vitatu, mathalani 95, 15 na hasi 70, akavikabidhi kwa pande tatu, tuseme kijiji, hifadhi na mahakama. Kila upande hujumlisha vipande vya maboma yote, kisha majumla matatu huunganishwa. Idadi ya kata hupatikana, ya boma hubaki siri. Nchini Denmark, wakulima wa viazisukari walitumia njia ya aina hiyo katika mnada wa Januari 2008.

Je, upande mmoja ukidanganya? Mwaka 1988 wanahisabati walionyesha kuwa vipande vikipangwa kwa misimbo ya kusahihisha makosa, uongo hurekebishwa mradi wadanganyifu hawafiki theluthi ya washiriki. Ulinzi huo hautegemei ugumu wa kufumbua fumbo, hivyo hata kompyuta za kwanta haziuvunji.

Kompyuta hizo nazo zinahitaji kinga, kwani taarifa za kwanta haziwezi kunakiliwa. Mwaka 1995 Peter Shor alionyesha namna ya kuzisambaza ili kosa lisahihishwe. Mwaka 2002 Crépeau, Gottesman na Smith walitumia misimbo ya aina hiyo kuwezesha pande zisizoaminiana kukokotoa pamoja, wadanganyifu wakiwa chini ya moja ya sita. Mwaka 2006 utafiti mwingine ulionyesha kuwa waaminifu wakiwa wengi inatosha.

Kwa Olbalbal, kompyuta za kawaida zinatosha. Hata hivyo, hisabati haimlazimishi mfugaji kutaja idadi ya kweli, wala haiamui jumla itumikeje. Hayo yanahitaji makubaliano kabla ya ng'ombe wa kwanza kuhesabiwa.